Pomadi ya Mkebe wa Nyanya

Waliosema kwamba pomadi ya Papa Kinyozi ilikuwa mafuta ya maskini walisema kweli. Bei yake ilikuwa ya chai na andazi. Ilikaa ndani ya mkebe wa nyanya uliobanduliwa karatasi, na watu wa kwanza kuipaka vichwani walikuwa wabeba mizigo wa soko la Kadutu, mjini Bukavu. Walikosea tu walipodhani kwamba maneno hayo yangemuumiza. Yeye mwenyewe aliyatangaza kila asubuhi alipofungua mkebe, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza samaki: "Mafuta ya bamaskini iko tayari! Batajiri bapange mustari nyuma!"

Nami naandika habari zake nikiwa mtu mwenye haki ya kusema juu ya mafuta. Nina diploma ya kemia ya vipodozi. Niliitafuta Ubelgiji kwa miaka sita, nikiosha sahani za wengine ili nilipie masomo, bila mjomba wa kunitumia kitu, bila padri wa kuniandikia barua. Nilirudi Bukavu kwa tikiti niliyoinunua mwenyewe. Leo nina duka langu mtaa wa Nguba, kioo mbele, maabara nyuma. Wapo waliorudi na suti peke yake. Mimi nilirudi na mizani inayoweza kupima unywele mmoja, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo nilipomwomba siri ya pomadi yake, niliomba kama mtaalamu. Nilitaka kuitia ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko cheusi, jina langu juu yake, niiuze Bukavu, Goma na mpaka Kinshasa kwa bei inayolingana na ubora wake. Miaka minne nilimwomba. Miaka minne alinikatalia, tena mbele za watu.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Nilipomkuta kwa mara ya kwanza, kabla sijaenda Ulaya, alikuwa tayari muzee kwenye veranda ya duka la vitambaa, hatua chache juu ya soko. Alikuwa na kiti kimoja, benchi moja ndefu, na mbabula ya makaa iliyochemsha vitu viwili tu, chai na nta. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa na upara unaong'aa. Nywele zilibaki pembeni, juu ya masikio, kama ukingo wa sahani. Ukingo huo aliupaka pomadi kila siku kwa uangalifu ambao hakumpa mteja yeyote.

"Papa, unapakaa nini? Hakuna kitu hapo," vijana walimchokoza.

"Hizi njo zilibakia," alijibu. "Ni za kuheshimia zaidi."

Namna yake ya kufanya kazi haikubadilika. Kwanza alikuuliza unakokwenda, na kwa nini aliuliza nitaeleza. Halafu alikata nywele, akachora mstari wa pembeni kwa wembe, mwembamba, ulionyooka kama mkunjo wa suruali iliyopigwa pasi. Kisha alichukua pomadi ya ukubwa wa harage, akaisugua viganjani mpaka ikapotea, akakupaka kutoka utosini kuja mbele, akapiga brashi. Mwisho alikufunga kichwa kwa kipande cha kitenge kikuukuu na kukutuma kwenye benchi ukae mpaka nywele zikubali. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Ukifungua kitambaa kabla, alikuosha kichwa kwa maji baridi na kukufukuza.

Mtu asiyeliona benchi lile hajaiona Bukavu. Wanaume watano au sita, vichwa vimefungwa vitenge vya maua kama wanawake wanaoumwa meno, na hakuna aliyethubutu kumcheka mwenzake kwa sababu kila mmoja alikuwa amefungwa. Siku moja nilimwona hakimu wa mahakama amekaa katikati ya wabeba mizigo wawili, na kitenge chake kilikuwa na picha za kuku. Simu yake ikalia. Akasema kwa sauti nzito, "Niko katika kikao." Mbeba mizigo wa kushoto akageuka kwa wa kulia: "Eh, kumbe na sisi tuko katika kikao! Na posho yetu iko wapi?" Hakimu alicheka mpaka kitenge kikalegea, na Papa Kinyozi akaja kumfunga upya, akamkaza kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Hakimu yule alimwambia siku hiyo kwamba angefaa kuwa na siku ya wakubwa, Jumamosi kwa mfano, na wabeba mizigo waje siku nyingine. Papa Kinyozi hakuacha kupiga brashi.

"Ku kichwa hakuna mufuko, Papa Juge," alisema. "Nikiangalia kichwa siwezi kujua nani iko na pesa. Sasa mimi nitawatenga namna gani?"

Hakimu aliendelea kuja, na aliendelea kukaa katikati.

Nimesema aliuliza unakokwenda. Hilo lilianza kwa kosa, na kosa hilo lilianguka juu ya familia yangu. Kaka yangu mkubwa alioa msichana wa Kamanyola, kule bondeni. Asubuhi ya ndoa Papa Kinyozi alimtengeneza hapa Bukavu, kwenye baridi yetu ya mlimani, na sijawahi kuona kichwa kizuri kama kile. Tukateremka mlima wa Ngomo kwa magari matatu. Bonde la Ruzizi lina joto ambalo mtu wa Bukavu hulikumbuka anapolifikia tu. Kanisani, padri alipoanza kuuliza maswali ya ndoa, nta ikaanza kushuka. Ilipita kwenye paji, ikazunguka nyusi, ikaingia kwenye kola ya shati jeupe. Kaka yangu alijibu "Ndiyo, nakubali" akiwa amefumba jicho moja. Mama mkwe akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwaya: "Huyu kijana analia, ao anayeyuka?"

Tulirudi Bukavu tukiwa na hasira. Papa Kinyozi alitusikiliza mpaka mwisho, wala hakuomba msamaha. Sikumsikia akiomba msamaha hata siku moja, na hilo silisifu. Lakini Jumamosi iliyofuata alifunga veranda, akapanda taxi-bus mpaka Kamanyola, akakaa pembeni ya barabara kwenye jua la saa sita, pomadi kwenye ule ukingo wake wa nywele, kipande cha kioo mkononi, akijitazama. Watu wa Kamanyola walidhani ni mgonjwa wa akili na wakamletea maji. Alikaa mpaka nta ikamfikia shingoni. Kisha akarudi na kupika nyingine, ngumu zaidi. Tangu hapo alikuwa na mikebe miwili, wa mlimani na wa bondeni, na hakufungua wowote kabla hujamwambia safari yako.

"Nta yangu haikukosea," alimwambia kaka yangu alipompelekea mkebe wa bondeni bure. "Ni mimi nilisahau kama bonde iko."

Mke wake, ambaye sote tulimwita Maman, aliuza vitambaa vya mitumba jirani na veranda na alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe wa mume wake. "Angalieni hii miguu," alituonyesha visigino vyake vilivyopasuka. "Mafuta yote iko naenda ku kichwa ya banaume ba batu. Yangu mimi nitapata mbinguni." Papa Kinyozi alijifanya hasikii. Lakini kila mkebe uliokaribia kwisha aliusahau, kila mara kwa bahati, chini ya meza ya mke wake, na visigino vile vilipona kila mwezi na kupasuka tena kila mwezi ili malalamiko yapate kuendelea.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alihubiri kwamba kitu cha bei ndogo kinatosha, na miguuni alivaa viatu vya Kiitalia vilivyomgharimu sijui nini, alivyoving'arisha kwa pomadi ileile. Alisema majivuno ni dhambi, na kanisani alikaa safu ya pili kila Jumapili ili safu zote za nyuma ziuone mstari wa nywele za wateja aliowapanga mbele yake. Aliwaheshimu wasomi, na hapohapo hakuamini kwamba msomi anaweza kufunga kamba ya kiatu bila kusoma maelezo.

Mimi aliniita Papa Diplôme. Siku ya kwanza nilipoliingiza ombi langu, alinizungusha kwenye kiti mpaka nikawatazama waliokaa kwenye benchi.

"Muangalie huyu," aliwaambia. "Alienda Ulaya miaka sita kujifunza mafuta. Sasa anakuja kuniuliza mimi mafuta."

Benchi likacheka. Nikasema, bila kutetemeka, kwamba mwenye akili huuliza. "Na hapa nimekuja kuuliza nikiwa na mtaji."

"Eh! Basi ulize mutaji yako. Ikujibu."

Niliichukua pomadi yake mpaka maabara. Siwezi kudanganya: niliamini kwamba kwa jioni moja ningekuwa nimeifahamu. Nta ya nyuki niliitambua, ile ya rangi ya kahawa wanayoileta kutoka mji mdogo wa Miti. Vaselini niliitambua. Mafuta ya mbarika niliyatambua, na mchaichai kwa harufu. Lakini pomadi ya nta, kila aliyeisoma kazi hii anajua, haitoki kichwani bila sabuni kali na kelele. Ya kwake ilitoka kwa maji baridi, kichwa kikabaki laini. Kulikuwa na kitu kama magadi ndani yake, na kila magadi niliyojaribu yaliivunja ikawa kama maziwa yaliyoganda. Nilijaribu miezi mingi. Mimi, niliyetengeneza krimu inayouzwa kwenye maduka matatu ya mji huu, nilishindwa na mkebe wa nyanya.

Vijana wenye mafuta ya nje walimdharau. Mmoja alikuja na chupa yake ya jeli ya rangi ya bluu, akataka apakwe hiyo.

"Papa, pomadi yako inanukia kama jikoni."

"Ni juu inatoka jikoni. Yako inatoka wapi?"

"Dubai."

"Sawa. Nenda Dubai, bakukate na nywele."

Kijana alikaa, akapakwa ya mkebe, akafungwa kitenge. Nilimwona mwezi uliofuata kwenye benchi, na ule uliofuata.

Mwaka jana mikono yake ilianza kutetemeka. Mstari wa kwanza kupinda ulikuwa kwenye kichwa cha mbeba mizigo mmoja ambaye hakuuona, na hata angeuona asingesema. Papa Kinyozi aliuona. Aliosha wembe, akaukunja ndani ya kitambaa, na tangu siku hiyo hakukata tena. Alibaki kupika nta tu. Vinyozi wengine wa soko walikuja kununua mikebe kwake na kupaka wateja wao, na watoto wake, wanaofanya kazi za ofisi, walimtaka apumzike nyumbani. Kila mtu Kadutu alijua hesabu ilivyokuwa. Akifa bila kusema, pomadi inakufa naye. Akiniambia mimi, inaingia kwenye chupa ya kioo, na mbeba mizigo anaitazama dirishani.

Mimi sikuona aibu katika hilo, na nitasema wazi kwamba hata leo sioni aibu kumtoza mtu anayeweza kulipa. Niliandika mkataba wa kurasa tatu, wa haki. Mshahara kwake mpaka kufa, mshahara kwa Maman baada yake, picha yake kwenye kila chupa. Nikaenda Jumatatu asubuhi, kiangazi, vumbi limetanda juu ya soko. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha wateja, miguu kwenye viatu vyake vya Kiitalia. Nikampa karatasi.

"Macho yangu iko mbali siku hizi," alisema. "Weye uko na diploma. Soma. Soma na bale basikie."

Kwenye benchi kulikuwa na wanaume wanne, vichwa vimefungwa. Vinyozi jirani walikuwa wameendelea kumtumia wateja wao wakae hapo. Nikasoma. Nina sauti nzuri ya kusoma. Nilisoma kuhusu mshahara, na Maman akaacha kukunja nguo. Nilisoma kuhusu picha, na benchi likapiga makofi. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba siri ya pomadi itakuwa mali ya kampuni, na hakuna mtu mwingine atakayeruhusiwa kuitengeneza wala kuiuza.

"Rudilia hapo," alisema.

Nikarudia.

"Hakuna mutu mwingine?"

"Ndiyo, Papa. Hivyo ndivyo inavyolindwa."

"Na mimi?"

Nikageuza ukurasa, nikitafuta kifungu kinachomhusu. Yeye akageukia benchi, bila hasira. "Moja wenu ashuke. Aniitie bakinyozi bote ba huku chini. Bote. Hata ule mwizi wa pale ku kona."

Walikuja wanane au tisa, mashine mikononi, mmoja akiwa na mteja aliyenyolewa nusu. Papa Kinyozi akaokota kaa lililopoa kutoka kwenye mbabula, akalinyoosha kuelekea ukuta wa veranda uliopakwa chokaa.

"Nani anajua kuandika? Nitasema mara moja tu."

Nilielewa alichokuwa anafanya. Nilikuwa na sababu za kutosha za kukunja karatasi zangu na kuondoka, miaka minne ya sababu. Mmoja wa vinyozi, mtu mwenye mkono mzito, akalichukua kaa. Papa Kinyozi akaanza: nta ya Miti. Yule akaandika: *nta kidogo*. Mafuta ya mbarika. Akaandika: *mafuta kiasi*.

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

"Kidogo ni ngapi?" nikauliza. "Kiasi gani? Mtu atapika nini na 'kidogo'? Mtachoma vichwa vya watu!"

"Basi andika weye," akasema kinyozi, akanipa kaa.

Nami nikaandika kama inavyopaswa kuandikwa. Nilimlazimisha muzee anionyeshe kila kipimo kwa mkebe wake, nikakipima kwa vijiko, nikaweka namba. Nta, vijiko vitatu. Mbarika, vijiko vinne. Vaselini, mkebe nusu. Mchaichai, kijiko kimoja. Kwa bondeni, nta vijiko vitano. Alitaka maandishi makubwa zaidi, kwa wenye macho kama yake, nikafuta kwa kiwiko cha koti langu na kuanza upya kwa herufi za ukubwa wa kiganja. Kisha akasema kile nilichokitafuta miezi yote ile.

"Unachoma maganda ya ndizi. Majivu unatia mu maji, unaacha usiku moja, unachuja na kitambaa mara mbili. Ya hiyo maji, kijiko kimoja, nta ikiwa ingali moto."

Maganda ya ndizi. Nilikuwa nimeyaruka kwenye ngazi za veranda ile kila nilipokwenda kumwomba. Nikaandika.

Alipomaliza, niliutazama ukuta na kuona kuna kasoro. Alikuwa akiyeyusha nta moja kwa moja juu ya makaa, na ndiyo maana mkebe mmoja kati ya kumi ulitoka na harufu ya kuungua. Wateja wote waliijua, hakuna aliyewahi kumwambia. Nikaongeza mstari chini, bila kumwomba ruhusa: *Usiweke mkebe juu ya moto. Uweke ndani ya sufuria ya maji yanayochemka.*

Alisimama, akausogelea ukuta, akaomba asomewe mstari ule. Akasomewa. Akaomba tena. Maman alikuwa tayari amechukua ukurasa wa kwanza wa mkataba na anapepea nao makaa ya mbabula.

"Hii ya mwisho haiko yangu," alisema.

"Ni yangu," nikasema. "Niliisomea."

"Iko muzuri." Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia neno hilo. Kisha akawageukia vinyozi. "Muko nasikia? Hii ya mwisho iko ya Papa Diplôme. Mutaitumia, ni lazima kwanza yeye akubali."

Mbeba mizigo mmoja akainuka kutoka kwenye benchi, kitenge kichwani, akaniuliza kama anayemuuliza mjomba wake. "Tonton, na hiyo yako ni bei gani?"

Wote wakanigeukia. Niliufikiria mkataba, nikaifikiria chupa yenye kifuniko cheusi, ambayo sampuli yake nilikuwa nayo mfukoni.

"Bure," nikasema.

"Aseme na nguvu," muzee akawaambia. "Bale ba nyuma habakusikia."

"Bure!" nikarudia, safari hii kwa sauti ya mtu mwenye diploma.